Kuruka kwa glaida juu ya Rio de Janeiro ukiwa abiria: mwongozo kamili, kuanzia kumchagua rubani hadi kutua ufukweni

Glaida haina injini. Kinachoiondoa mlimani ni miguu minne, miwili ya rubani na miwili ya abiria, ikikimbia kwa pamoja juu ya jukwaa la mbao lililoinamia bonde. Kwa hiyo mtu anayelipia kuruka na rubani jijini Rio de Janeiro, nchini Brazili, hanunui kiti kama anunuavyo tiketi ya basi. Anakubali kufanya kazi kwa sekunde tatu au nne, na sekunde hizo ni nyeti kuliko sehemu yote ya safari inayofuata. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu maelezo mengi wanayopewa wageni husifu mandhari na kuwataka wasiogope, ilhali anachohitaji abiria ni kujua afanye nini, kwa nini, na ni wakati gani ana haki ya kusema kwamba leo haruki.

Chombo chenyewe na mahali penyewe

Glaida ni bawa la pembetatu: tanga la kitambaa cha poliesta lililowambwa juu ya mabomba ya alumini na kukazwa kwa nyaya za chuma. Aliyezoea jahazi ataielewa upesi, kwa kuwa ni kama tanga lililolazwa huku watu wakining'inia chini yake. Asili yake ni bawa laini ambalo mhandisi wa Marekani Francis Rogallo na mkewe Gertrude walilibuni mwaka 1948. Mwaka 1963 John Dickenson wa Australia akaliongezea fremu ya kuongozea, na tangu hapo rubani akaweza kuligeuza kwa kuhamisha uzito wa mwili wake. Mpaka leo hakuna usukani mwingine. Rubani akijivuta mbele, pua ya glaida hushuka na mwendo huongezeka. Akijisukuma nyuma, pua huinuka na mwendo hupungua. Akihamia kulia, glaida hugeuka kulia. Jambo hili lieleweke kabla ya mengine yote, kwa maana mwili wako utaning'inia sambamba na wake, na uzito wako nao unahesabiwa.

Wabrazili huita chombo hiki asa-delta. Kutoka mlima huohuo huruka pia parapente, yaani ule mwavuli mrefu laini ambao wasomaji wa Kenya huenda wamewahi kuuona ukielea juu ya Bonde la Kerio karibu na Iten. Katika parapente mnaketi. Katika glaida mnalala kifudifudi, nyuso zikitazama mbele na chini. Wauzaji wengi huuza vyote viwili, hivyo taja jina la Kireno unapoweka nafasi, usije ukafika mlimani ukakuta umeandikiwa kingine.

Mlima ni Pedra Bonita, wenye kilele cha mita 696, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tijuca. Jukwaa la kurukia liko kwenye kimo cha takriban mita 520, na mahali pa kutua ni ufuko wa Pepino katika mtaa wa São Conrado, ambao tangu mwaka 2016 una kituo cha treni ya chini ya ardhi. Katika hewa tulivu glaida yenye watu wawili hushuka takriban mita moja kwa sekunde, au zaidi kidogo, kwa hiyo hesabu ya haraka inakupa dakika nane hivi angani. Siku ambayo hewa ya joto inapanda kwa nguvu mnaweza kukaa muda mrefu zaidi, lakini anayekuahidi nusu saa kabla hajauona upepo wa siku hiyo anaahidi kitu kisicho mikononi mwake.

Kupanga siku: upepo kwanza, kalenda baadaye

Watu waliokulia Mombasa, Lamu au Unguja wana faida hapa, kwa sababu wanajua kwamba alfajiri huvuma umande, upepo utokao bara, na jua likishapasha nchi joto, upepo hugeuka ukaanza kuingia kutoka baharini. Rio nayo iko hivyo. Pedra Bonita inaelekea bahari, na glaida lazima iondoke ikiukabili upepo. Kwa hiyo upepo wa bara ni adui wa jukwaa lile, na upepo wa bahari ni rafiki yake. Upande wa joshi wa mlima, yaani unaopigwa na upepo, hewa inayogonga mteremko hupanda na kulibeba bawa. Upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, hewa hiyohiyo huporomoka na kuzunguka ovyo, na hakuna rubani mwenye akili anayepeleka abiria huko. Omba nafasi ya kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ila uwe tayari kuongozwa na rubani, kwa kuwa yeye ndiye anayesoma anga ya kila siku.

Kuhusu majira, kumbuka kwamba Rio iko kusini mwa ikweta na kiangazi chake cha joto ni Desemba hadi Machi, wakati ambapo mawingu ya radi hujikusanya mara kwa mara alasiri. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hupungua, ingawa mikondo ya hewa baridi kutoka kusini huja ikafunga mlima kwa ukungu na upepo mkali kwa siku kadhaa. Ushauri wangu ni huu: weka safari ya glaida katika siku za mwanzo za ziara yako, wala usiiweke siku ya mwisho. Mimi nilirudishwa mara mbili nikiwa nimekwisha kuvaa viatu, na kama ningekuwa na ndege ya kurudi nyumbani kesho yake, najua ningemsihi rubani ajaribu. Abiria anayesihi ni hatari kwake na kwa rubani. Pepê Lopes, Mbrazili aliyetwaa ubingwa wa dunia wa glaida nchini Japani mwaka 1981, alifariki mwaka 1991 akiwa mashindanoni katika nchi hiyohiyo; hata ustadi wa bingwa una mipaka yake, na mtu anayekataa kukurusha siku mbaya amekutendea wema ambao hutauona.

Kumchagua rubani

Usinunue safari hii kwa mtu anayekukamata mkono ufukweni Copacabana akikuonyesha picha kwenye simu. Huenda anayemwakilisha ni rubani mzuri, lakini wewe hutakuwa na njia ya kujua, na fedha nyingi zitaishia kwa dalali. Tafuta rubani au kampuni inayokuambia jina la rubani kabla ya siku ya kuruka, kisha uliza maswali yafuatayo bila haya.

Kwanza, uliza kama ana kitambulisho cha kubeba abiria kutoka kwa shirikisho la mchezo huu nchini Brazili, linalojulikana kwa herufi CBVL, na kama anatambuliwa na klabu ya pale, Clube São Conrado de Voo Livre. Kuruka peke yako na kuruka na mtu pembeni ni kazi mbili tofauti, na cheti cha kwanza hakitoshi kwa ya pili. Kwa utaratibu wa Brazili, rubani wa safari hizi ni mkufunzi, na anayeruka naye huhesabiwa mwanafunzi. Mimi naupenda utaratibu huo, kwa sababu unampa abiria haki ya kufundishwa na si kubebwa tu. Pili, uliza amekuwa akibeba abiria kwa miaka mingapi, na kama huruka mwaka mzima katika mlima huu. Tatu, uliza kuhusu parachuti ya akiba: ipo, na ilikunjwa upya lini? Parachuti iliyokaa ndani ya mfuko wake muda mrefu hupata unyevu na mikunjo, na inaweza kuchelewa kufunguka. Rubani makini hujibu swali hili mara moja, kwa tarehe. Anayecheka, au anayekuambia kwamba haijawahi kuhitajika, amekwisha kukupa jibu la kutosha.

Nne, kubalianeni kuhusu fedha: bei katika reali, sarafu ya Brazili, kama inajumuisha ada ya klabu na usafiri wa kupanda mlima, kama picha na video zinalipiwa kando, na kitatokea nini upepo ukikataa. Linalofaa ni kupangiwa siku nyingine au kurudishiwa fedha zako zote. Rubani asiyerudisha fedha ana sababu ya kuruka siku asiyopaswa kuruka. Tano, hakikisha mna lugha moja ya kuelewana, hata ikiwa ni maneno kumi tu. Neno la Kireno utakalolihitaji kuliko yote ni *corre*, yaani kimbia.

Angalia pia bima yako ya safari. Nyingi hazigharamii michezo ya angani isipokuwa umeilipia nyongeza, na fomu utakayowekewa mbele yako uisaini huwa inamwondolea rubani sehemu ya lawama. Isome, au omba usomewe.

Mwili na mavazi

Uzito una kikomo, na kwa marubani wengi hauzidi kilo 100 hivi. Taja uzito wako wa kweli, kwa sababu rubani huchagua ukubwa wa bawa na kiwango cha upepo kulingana nao. Kupunguza kilo kwa maneno hakupunguzi kitu mlimani. Mjamzito asiruke. Mwenye maradhi ya moyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mwenye mgongo na magoti mabovu amwone daktari kwanza, na magoti hayo yasichukuliwe kijuujuu, kwa kuwa utakimbia kwa kasi kwenye mteremko ukiwa umefungwa kwa mtu mwingine. Mwenye pumu au kisukari amwambie rubani na akubaliane naye mahali pa kuweka dawa.

Viatu viwe vya raba vya kufunga kamba, vyenye soli inayoshika. Ndala na makubazi hayafai kabisa. Suruali nyepesi na fulana zinatosha. Kwa kina mama na dada wanaovaa buibui au dera, vazi refu haliwezi kuvaliwa hapa kwa sababu mikanda hupita baina ya mapaja na pindo huzuia hatua. Suruali pana yenye kushikwa kwenye kifundo cha mguu, pamoja na kanzu fupi ya kufika magotini, hutimiza stara na kukuacha ukimbie. Hijabu ya kitambaa cha kunyumbuka, iliyochomekwa ndani ya shati, hukaa vizuri chini ya kofia ngumu, ila usitumie pini kichwani. Miwani ifungwe kwa uzi. Kula kitu chepesi saa mbili kabla, kwani tumbo tupu huleta kichefuchefu sawa na tumbo lililojaa.

Kupanda mlimani

Mtakutana karibu na ufuko, mahali pa kutua, na nakushauri ufike mapema utazame glaida tatu au nne zikishuka. Utaona jinsi zinavyoukabili upepo, jinsi abiria wanavyosimama dakika ya mwisho, na hofu yako itapata sura ya kitu kinachojulikana. Kisha gari hupanda kwa Estrada das Canoas kupitia msitu mnene. Msitu huo si wa asili wote: mashamba ya kahawa yalikuwa yameumaliza hata vijito vya maji ya jiji vikakauka, ndipo kuanzia mwaka 1861, katika enzi ya mfalme Pedro wa Pili, ukapandwa upya mche kwa mche, na mikono ya mwanzo kuupanda ilikuwa ya Waafrika waliokuwa watumwa. Nilipopita pale niliyawaza hayo kuliko nilivyowaza kuruka.

Juu ya jukwaa: sehemu isiyofanywa haraka

Hapa ndipo safari yenu inapoamuliwa. Rubani atakuvisha mkanda wa mwili, wenye umbo la aproni nzito, unaopita mabegani, kiunoni na baina ya mapaja. Shika kwa mkono wako mwenyewe mkanda wa kila paja uone kwamba umefungwa. Bila mikanda ya mapaja, mtu anaweza kuteleza kutoka ndani ya vazi lake hata kama vazi lenyewe limefungwa kwenye bawa.

Halafu mtafanya mazoezi ya kukimbia kwenye ardhi tambarare. Utasimama ubavuni mwa rubani, mkono mmoja ukishika mkanda wake begani au pale atakapokuelekeza, na mtakimbia hatua saba au nane mkiwa sawasawa. Omba mrudie mpaka hatua zenu zilingane. Hakuna anayekudai uwe mwepesi. Kinachotakiwa ni usiwe nyuma yake.

Linalofuata ni ukaguzi wa kuning'inia. Glaida ikiwa imeshikwa puani na msaidizi, wewe na rubani mnafungwa kwenye bawa, kisha mnalala wote wawili mkining'inia, miguu ikiwa hewani. Hapo inaonekana wazi kama karabina, yaani pete za chuma za kuwaunganisha na bawa, zimeingia na kufungwa kwa skrubu, kama kuna mkanda wa akiba, na kama kimo chenu juu ya upau wa kuongozea ni sahihi. Kosa linaloogopwa kuliko yote katika mchezo huu ni kuondoka mtu akiwa hajafungwa kwenye bawa. Mwaka 2018 nchini Uswisi abiria mmoja aliondoka hivyo. Alijishikilia kwa mikono kwa zaidi ya dakika mbili mpaka rubani alipofanikiwa kushuka, akaponea kwa kuvunjika kifundo cha mkono na kuchanika msuli. Rubani wake hakuwa mtu mbaya. Alisahau hatua moja. Kwa hiyo ukishafungwa usifunguliwe tena kwa sababu yoyote, na mkifunguliwa, hata kama ni kwa ajili ya kungoja upepo dakika tano, ukaguzi wote uanze upya. Mtazame rubani na umuulize kwa sauti: tumefungwa sote? Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Kisha mtangoja. Tazama mfuko wa kuonyesha upepo: ukijaa na kuelekea kwenu, upepo unatoka mbele na ni salama, ukilegea, au ukigeuka kuelekea bondeni, msiondoke. Ikiwa moyo wako unakataa, sema sasa, mkiwa mmesimama. Kusema *não* (hapana) hapa hakuna aibu yoyote, ilhali kusita katikati ya mbio kunaweza kuwaangusha nyote wawili.

Mbio

Bawa lenu linahitaji hewa ipite juu yake kwa kasi ya takriban kilomita 30 kwa saa ndipo liwabebe. Upepo wa mbele ukiwa kilomita 15, nusu ya kazi umefanya wenyewe na nusu iliyobaki ni ya miguu yenu. Ndiyo maana abiria anayesimama ghafla ukingoni ni hatari: uzito wake hubaki nyuma, bawa huvutwa upande wake, na kasi inayohitajika haipatikani. Anayeruka juu kama mtu anayeingia baharini hufanya kosa la namna nyingine, kwani hulipunguzia bawa uzito kwa nusu sekunde, kisha hulishukia kwa ghafla.

Kwa hiyo fanya hivi. Tazama upeo wa macho, wala usitazame ukingo wala miguu yako. Usiguse upau wa kuongozea wala nyaya. Rubani akisema *corre*, anza kwa hatua mbili za nguvu za kawaida, kisha ongeza mwendo, na uendelee kukimbia hata baada ya mbao kwisha chini ya viatu vyako. Endelea kukimbia hewani. Miguu itakuambia yenyewe kwamba hakuna tena cha kukanyaga, na wakati huo mikanda itakuwa imekwisha kukunyanyua kwa ulaini usioutarajia.

Angani

Rubani atakuambia ulale na upumzishe miguu nyuma. Kaa sambamba naye, usijipinde kutazama nyuma, na pumua. Wengi wanaoogopa kusimama kwenye roshani ya ghorofa hawaipati hofu hiyo hapa. Nami nilishangaa, kwa kuwa hakuna ukuta chini yako wa kukupimia urefu. Kulia kwako utakuwa na Pedra da Gávea, jabali la mita 844 linaloinuka karibu na bahari. Kushoto ni nyumba za Rocinha zilizopanda mlima kwa kubanana, na nyuma yake vilele viwili vya Dois Irmãos vinavyoficha mitaa ya Leblon na Ipanema. Mbele ni bahari, na siku safi huonekana visiwa vya Cagarras.

Tai weusi ambao Wabrazili huwaita urubu wakizunguka bila kupiga mabawa, hapo kuna hewa ya joto inayopanda, na rubani anaweza kuifuata mkapata kimo zaidi. Mtikisiko mdogo utakaousikia ukingoni mwa hewa hiyo ni wa kawaida. Ukihisi kichefuchefu mwambie mapema apunguze kuzunguka, nawe utazame mbali. Simu iache chini: kamera iliyofungwa kwenye bawa itafanya kazi hiyo, na kitu kilichokuponyoka hapa kitamwangukia mtu.

Kutua

Mtapita juu ya majengo na barabara, kisha juu ya maji, na kugeuka kuukabili upepo. Ardhi itaonekana kuja kwa kasi kuliko ulivyodhani. Sikiliza amri moja tu: lini kushusha miguu. Ukiambiwa, simama wima ndani ya mikanda, magoti yakiwa yamelegea kidogo, na mguu ukigusa mchanga tembea au kimbia mbele pamoja na rubani anaposukuma upau kulisimamisha bawa. Usinyooshe mikono kuipokea ardhi, kwani vifundo vya mikono huvunjika hivyo. Wakati mwingine rubani huamua kutua kwa magurudumu yaliyo kwenye upau. Basi utabaki umelala, miguu juu, mikono imekunjwa.

Subiri akufungue yeye mwenyewe, kisha mwondoke upesi katika eneo la kutua mkitazama juu, kwa maana mara nyingi glaida nyingine huwa tayari inageuka juu ya maji nyuma yenu.